Cherehani kuukuu ikigoma: dalili, chanzo na dawa kwa wanaoshona mavazi ya kale

Kuanzia mwishoni mwa Julai simu huanza kuita hapa kibandani kwangu, Miyomboni, Iringa. Shule fulani inataka kuigiza vita vya Lugalo vya tarehe 17 Agosti 1891, ambamo Wahehe wa Mkwawa waliivunja kolamu, yaani msafara wa kivita, ya Wajerumani na kumuua kamanda wao, Emil von Zelewski. Zinahitajika sare ishirini za kaki, migolole kadhaa, kanzu mbili tatu, na zote zinatakiwa wiki ijayo. Julai hiyo hiyo ni katika miezi yetu ya baridi, na cherehani zangu za zamani nazo huchagua wakati huo kugoma.

Kabla ya dalili, nijibu swali ninaloulizwa kila siku: kwa nini nisishone kwa mashine ya kisasa nikamaliza mapema? Tatizo ni kwamba nguo ya jukwaani huonekana mpaka ndani. Askari akianguka, koti linafunuka, na ukiona kingo zimepigwa ovaloku ya nyuzi nne unajua hiyo nguo imeshonwa juzi. Cherehani yenyewe si kitu kigeni kwa mwaka 1891. Elias Howe alipata hataza ya mashine yake mwaka 1846 na Isaac Singer mwaka 1851, kwa hiyo sare za wakati huo zilishonwa kwa mashine, kwa mshono ulionyooka wa nyuzi mbili, juu na chini. Singer ya mkono inatoa mshono huo huo. Zigizaga katika cherehani za nyumbani ilikuja kuenea baadaye sana. Ukitumia mashine kuukuu huwezi kukosea hata ukitaka, maana haijui kitu kingine.

Utaratibu wangu wa kutafuta tatizo ni mmoja: naanza na kitu cha bei ndogo. Kwanza sindano, kisha uzi, kisha vumbi, kisha mafuta. Bisibisi huja mwisho kabisa. Nimepokea mashine nyingi zilizoharibiwa na bisibisi kuliko zilizoharibiwa na miaka.

Haizunguki, au inazunguka kama inasaga mawe

Mama mmoja aliniletea Singer ya mkono, ya marehemu mama mkwe wake, imefungwa kwa kanga.

"Kamwene, mama. Ina shida gani?"

"Kamwene, mwanangu. Imekufa. Niliipaka mafuta vizuri tu, kesho yake ikakataa."

"Mafuta gani, mama?"

"Ya alizeti."

Hapo nilijua. Mafuta ya alizeti, kama mafuta mengi ya mimea, yakikaa hewani hukauka na kugeuka gundi. Kwanza mashine inateleza vizuri, ukadhani umeokoa maisha yake. Baada ya wiki chache inakuwa nzito, na baada ya miezi imeshikana. Oili chafu ya gari nayo si dawa, ni nzito na imejaa masizi. Yanayotakiwa ni mafuta ya cherehani yenyewe, mepesi na meupe kama maji. Kichupa kimoja kinakutosha mwaka mzima.

Kama imeganda, usilazimishe gurudumu. Ng'oa sindano kwanza, ondoa mguu wa kukandamizia kitambaa, na uangalie pembeni mwa gurudumu kama kuna uzi uliojiviringisha kwenye ekseli. Mara nyingi uzi wa miaka mingi umejificha pale, umebana kama kamba ya mbuzi. Utoe kwa pini na subira. Halafu tia mafuta ya taa, tone kwa tone, katika kila tundu la mafuta na kila mahali chuma kinaposuguana na chuma, juu na chini ya mashine. Iache mpaka kesho yake. Ijaribu kwa kulitikisa gurudumu kidogo mbele na nyuma, usilizungushe. Ikikubali hata upana wa ukucha, umeshinda. Rudia mpaka izunguke, kisha ifute uchafu wote wa kahawia unaotoka, na hapo ndipo utie mafuta ya cherehani. Hatua hiyo ya mwisho watu huisahau. Mafuta ya taa yanasafisha lakini hayalainishi, yakikauka yanaacha chuma kikiwa uchi, na kwa ukungu wa Tukuyu au Mufindi kutu haitachelewa.

Baridi peke yake nayo inafanya mashine nzima ionekane mgonjwa. Njombe na Makete asubuhi ya Juni, mafuta ya zamani yaliyobaki ndani huwa mazito kama asali. Isogeze mashine juani kwenye kibaraza nusu saa kabla hujaanza kuilaumu. Lakini ukishatia mafuta ya taa, usiisogeze karibu na jiko la mkaa. Namjua fundi aliyefanya hivyo, na pazia lake ndilo lililolipa.

Jambo moja kuhusu urembo. Zile nakshi za dhahabu kwenye mwili mweusi zimefunikwa kwa vanishi ya zamani inayoyeyuka kwa spiriti. Ukiifuta Singer kwa spiriti ili ing'ae, utaiona dhahabu ikija na kitambaa. Kitambaa laini chenye mafuta ya cherehani kinatosha.

Gurudumu linazunguka lakini sindano imesimama

Hii ni rahisi. Katikati ya gurudumu kuna kifungo kikubwa kinachoachia gurudumu wakati wa kujaza bobini, kile kirola kidogo cha uzi wa chini. Kimelegea, kikaze. Kama ulikifungua kusafisha na sasa hakikazi, au kinakaza na hakiachii, washa ya ndani, ile pete bapa ya chuma yenye masikio matatu, umeirudisha kinyume. Itoe, izungushe nusu duara, irudishe. Kazi ya dakika tano.

Inaruka mishono

Hapa ndipo watu wanapopoteza siku nzima, na hapa ndipo nataka tukae.

Mshono unazaliwa hivi: sindano inashuka mpaka mwisho, inaanza kupanda, na inapopanda uzi nyuma yake unatuna na kufanya kitanzi kidogo. Ncha ya ndoano, au ya chombo cha uzi wa chini, inapita ndani ya kitanzi hicho. Ikikikosa, mshono umerukwa. Basi kila sababu ya kuruka ni sababu inayokifanya kitanzi kisitune au ncha isifike kwa wakati.

Anza na sindano. Imepinda? Ilaze juu ya kioo uone. Butu? Ipitishe kwenye soksi ya nailoni, ikinasa itupe. Haijaingia mpaka juu? Legeza skrubu, isukume mpaka igonge, kaza. Imegeuzwa? Sindano ina upande wenye mfereji mrefu na upande wa pili wenye kijishimo juu ya tundu. Uzi huingia kutoka upande wa mfereji mrefu, na kijishimo huielekea ndoano. Kanuni hii haina ubishi, iwe mashine ya Scotland, ya Ujerumani au ya Shanghai. Usiseme "kwenye yangu nyingine upande bapa unaangalia kulia", kwa sababu Singer ya aina ya 15 na Singer ya aina ya 66 haziangalii upande mmoja.

Halafu aina ya sindano. Hili ndilo tatizo kubwa Mbeya na Iringa kwa sasa, kwa sababu mafundi wengi wana mashine za kiwandani karibu na zile za nyumbani. Sindano ya kiwandani, DBx1, ina shina la duara lisilo na upande bapa. Ya nyumbani, pakiti yake imeandikwa HAx1 au 15x1 au 130/705, zote ni jina la sindano moja, na shina lake lina upande bapa. Ukiichomeka ya kiwandani kwenye Singer ya zamani itashika, tena itashona kidogo, kisha itaanza kuruka na utalaumu mashine. Singer nyingi za aina ya 15, 27, 28, 66, 99, 127, 128 na 201 zinakula HAx1, na Butterfly, cherehani ya Kichina, pia. Angalizo kwa wakusanyaji: Singer ya aina ya 12, ile ya kale sana ambayo kitako chake kimekatwa umbo kama la fidla, inatumia sindano yake mwenyewe isiyopatikana tena madukani. Ukiiona sokoni, nunua kwa kuipenda, si kwa kushonea sare ishirini.

Ukubwa nao una kazi. Kwa amerikani nyepesi nachukua namba 12 au 14. Kwa kaki na drili namba 16. Mikunjo minne ya kaki kwenye kola, namba 18. Sindano nyembamba kwenye kaki nene inapinda kidogo inapoingia, hata kama jicho halioni, na ncha inakikosa kitanzi kwa unene wa unywele.

Kitambaa chenyewe pia husababisha mishono kurukwa. Kaki mpya ya dukani imejaa wanga, inauzuia uzi usitune. Nafua kwanza, naanika, ndipo nakata. Hilo linasaidia pia kuonekana: askari aliyetembea kutoka pwani mpaka Uhehe hakuwa na sare iliyonyooka kama karatasi.

Kama umebadilisha sindano, uzi na kitambaa na bado inaruka, sasa tazama muda wa ndoano. Zungusha gurudumu kwa mkono, polepole. Sindano ikishafika chini kabisa na kuanza kupanda kwa milimita 2 hivi, ncha ya ndoano inatakiwa iwe inapita nyuma yake, juu kidogo ya tundu. Ncha ikifika tundu limeshapita juu, nondo ya sindano, ile inayoishika na kuipandisha, imesogea juu. Hutokea mtu akipiga zipu au kifungo cha chuma. Baadhi ya nondo hizo zina mistari miwili iliyochongwa kukuonyesha kimo sahihi. Weka alama ya kalamu mahali ilipo kabla hujalegeza chochote, maana bila alama hutajua pa kurudi.

Kwa mashine za bobini ndefu, zile ambazo chombo chake cha chini kina umbo la mtumbwi na kinabembea mbele na nyuma, kagua ncha ya mtumbwi huo. Ipitishe ukuchani. Ikikwaruza, ina ukoko. Isugue kwa msasa laini sana, ule wa namba kubwa, mara chache tu. Ukiila ncha yenyewe umemaliza mtumbwi, na mtumbwi ndicho kipuri kigumu kuliko vyote kukipata.

Uzi wa juu unakatika

Uzi kwanza. Wakusanyaji tuna ugonjwa wa kupenda zile rola za mbao zenye uzi wa pamba wa zamani, rangi nzuri, lebo nzuri. Vuta sentimita 30 kwa mikono miwili. Ukikatika kimya kimya bila kukuumiza kidole, umeoza. Weka kwenye kabati la maonyesho. Mimi hushona kwa uzi mpya wa pamba ninapoupata, na wa poliesta ninapoukosa, nikitafuta usiong'aa.

Kisha njia ya uzi. Je, umepita kwenye kile kidole kinachopanda na kushuka? Umeingia katikati ya visahani viwili vya kubana? Halafu pitisha uzi wa pamba kwenye tundu la kibati cha sindano. Miaka ya watu kuvunja sindano imeacha mikwaruzo pale, na kila mkwaruzo ni kisu. Uzungushe uzi uliopakwa unga wa msasa ndani ya tundu, utakuja kushangaa.

Na umezungusha gurudumu upande gani? Singer nyingi huja kwako, upande wa mshonaji. Mtoto akichezea pedeli ikarudi nyuma, uzi unakatika au unajifunga. Wanafunzi wangu wote wamepitia hapo.

Chini kuna vishada vya uzi

Vishada vikiwa chini, tatizo liko juu. Watu hawaamini, wanakaza skrubu ya bobini mpaka inavunjika. Kinachotokea ni kwamba uzi wa juu haujabanwa, kwa hiyo unashuka wote chini. Toa uzi, inua mguu wa kukandamizia, upitishe upya, shusha mguu, vuta: lazima usikie ukinzani. Kama huusikii, fungua visahani utoe nyuzinyuzi zilizokaa katikati.

Ukishapata hapo ndipo uguse bobini. Kwa mashine ya bobini ya duara, ning'iniza kesi yake kwa uzi wake na uitikise kidogo. Inatakiwa ishuke kidogo na kusimama. Ikiporomoka imelegea, isiposhuka imekaza. Skrubu ni ile ndogo inayoshika kibati cha chemchemi. Izungushe robo ya robo. Hapa natandaza kitambaa cheupe mezani, maana skrubu hiyo ikianguka sakafuni imekwenda.

Bobini zenyewe: ya aina ya 15 ni bapa pande zote, ya aina ya 66 imetuna kidogo. Zinafanana ukiwa na haraka, na ukizichanganya mashine inabana. Habari njema ni kwamba Butterfly ile ya kawaida imeigwa kutoka Singer ya aina ya 15, kwa hiyo bobini na kesi ya Butterfly unayoikuta sokoni Mwanjelwa, Mbeya, kwa kawaida inaikubali Singer 15 ya bibi yako. Ndiyo maana nawashauri wanaoanza wanunue 15, hata kama ile ya mtumbwi ina nakshi nzuri zaidi.

Kitambaa hakisogei, au kinakunjamana

Fungua kibati cha sindano. Katikati ya meno utakuta vumbi la pamba lililoshindiliwa likawa kama godoro. Lichokonoe kwa pini. Kaki inayokwama ongeza mgandamizo kwa skrubu ya juu ya kichwa; kaniki au amerikani nyepesi inayokunjamana, punguza mgandamizo, legeza uzi wa juu, tumia sindano ndogo. Angalia pia urefu wa mshono usiwe sifuri. Kwa sare za kale nashona milimita 2 hadi 2.5, ambayo ni kama mishono 10 hadi 13 kwa inchi.

Mgolole hauhitaji lolote kati ya haya. Ni kitambaa kinachofungwa begani, pindo lake nalishona kwa mkono. Wazee wa Kalenga, yalikokuwa makao ya Mkwawa, wakija kutazama igizo, macho yao huenda kwanza kwenye fundo la begani. Mshono hawauangalii.

Pedeli nzito, mkanda unateleza

Mkanda wa ngozi hulegea ukizeeka. Toa kile kipini cha chuma, kata sentimita moja, toboa upya, funga. Usikaze sana, mkanda uliokazwa unaifanya mashine nzima kuwa nzito na unakula ekseli. Ukanda wa tyubu ya baiskeli ni wa dharura ya siku moja. Tia mafuta pia kwenye egemeo za pedeli na gurudumu kubwa la chini. Huko hakuna anayekumbuka.

Madoa ya mafuta kwenye kanzu

Baada ya kutia mafuta, shonea kitambaa kibovu kwa dakika kadhaa mpaka kitoke safi. Doa likishaingia, poda ya mtoto usiku kucha, halafu sabuni ya mche.

Kabla ya kununua

Matatizo yote hayo yana dawa. Yasiyo na dawa ni machache. Mwili wa mashine hizi ni chuma cha kumimina, hakipindi, kinavunjika. Fundi mmoja alifunga Singer nyuma ya bodaboda kutoka Tukuyu bila kuizungushia godoro, Mbeya akafika na vipande viwili. Angalia nyufa chini ya mkono na kwenye bawaba. Hakikisha mtumbwi au kesi ya bobini ipo, na vibati vya kuteleza vipo. Kutu ya juu juu isikutishe, kutu iliyokula meno na ndoano ikutishe.

Namba iliyopigwa kwenye kitako inakupa umri. Singer zilizotengenezwa kabla ya 1900 zina tarakimu tupu. Baadaye herufi ikatangulia. F na Y, na zile za herufi mbili zinazoanza na E, nyingi zilitoka kiwanda cha Clydebank, Scotland, kilichofunguliwa 1885 na kufungwa 1980. Kwa hiyo ukiambiwa "hii ni ya wakati wa Mkwawa" na namba inaanza na Y, mteremshe bei muuzaji kwa heshima zote. Mkwawa alifariki Julai 1898.

Na dalali akikuambia ndani kuna zebaki nyekundu inayouzwa mamilioni, ujue hadithi hiyo ni ya zamani. Mwaka 2009 ilivuma Saudi Arabia mpaka bei za Singer kuukuu zikapaa, na hakukuwa na kitu. Ndani kuna chuma, vumbi na, kwa bahati mbaya, alizeti.

Mimi mwenyewe nina moja ya Kijerumani, nakshi zake hazina mfano, nilinunua kwa pupa siku ya mvua bila kufungua kibati cha chini. Mtumbwi haupo. Mwaka wa nne sasa inashikilia mlango wa kibanda usifungwe na upepo.